Watoto hawataki kukaa nami kutazama taarabu ya Idd

Barua ya wiki hii nimeifupisha kidogo:

"Shangazi, assalaam alaykum. Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Mwanakwerekwe. Nilipokuwa mdogo, miaka ya 1980 mwanzoni, nyumba yetu ya Kikwajuni ilikuwa na TV aliyotuletea mjomba kutoka Maskati. Usiku wa Idd mosi mama alitandika mabusati ukumbi mzima, majirani wakaja, waliokosa nafasi wakasimama madirishani, sote tukatazama taarabu ya TVZ, televisheni ya Zanzibar. Shangazi yangu mmoja, wimbo ukimkolea, aliinuka na noti yake akaenda kumtuza mwimbaji pale pale kwenye kioo cha TV. Idd hii iliyopita, ya mwanzo tangu mama afariki, nilitaka watoto nao waionje hali ile. Baada ya chakula cha mchana nikakusanya simu zao kwenye kapu, nikaweka taarabu za zamani. Mwanangu mkubwa akasema, 'Mama, mambo ya kale hayo.' Mkewe, mtu wa Mwanza, akauliza, 'Mama, kwani huyu anayeimba ni nani?' Kabla ya saa kumi wote wameshaondoka. Nililia jikoni peke yangu. Dada yangu yuko Maskati, naye hupiga simu ya video dakika tano za salamu, basi. Nimeazimia Idd el-Hajj sipiki, kila mtu ale kwake. Mume wangu hasemi kitu. Je, nina makosa mimi, au watoto wa siku hizi hawana moyo? Mwenye Uchungu, Unguja."

Waalaykumu ssalaam, mdogo wangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mama yako, ailaze roho yake mahali pema.

Nianze hapo hapo kwa mama, maana marehemu umemtaja kwa maneno machache tu, ukakimbilia kwenye simu na kapu. Idd ya mwanzo baada ya kuondokewa na mama ni nzito kwa yeyote. Aliyekuwa akitandika mabusati hayupo. Aliyekuwa akijua ni jirani gani hajapelekewa sahani hayupo. Na wewe, uliyekuwa mtoto wa mtu hadi juzi, ghafla ndiye mkubwa wa sikukuu, macho yote kwako. Ukatafuta kitu cha kukurudishia harufu ya nyumba ile, ukaona ni ile taarabu. Basi mwanao aliposema mambo ya kale, wewe ulimsikia anamkataa bibi yake. Naamini hakukusudia hivyo. Lakini lilikuingia, nawe una haki ya kuumia, wala usiambiwe na mtu kwamba unalilia TV.

Sasa niulize: wale watoto wangeililiaje Idd ya Kikwajuni? Hawakuwepo. Hawakukanyagana miguu kwenye busati, hawakumwona shangazi yako na noti yake. Mtu pekee aliye hai, kwa ulivyoniandikia, anayekumbuka usiku ule kama unavyoukumbuka wewe ni dada yako wa Maskati, na huyo ndiye mnayeonana dakika tano za salamu. Hapo pana kasoro, na ni rahisi kuirekebisha. Sikukuu ijayo, watu wakishalala, mpigie yeye. Weka simu iegemee birika la kahawa, fungueni wimbo mmoja, yeye kwake na wewe kwako, muimbe, mlie, mcheke. Mkibishana nani alikuwa akikaa karibu na mlango, mbishane mpaka alfajiri. Uzito mwingi uliowatwika wanao mchana ule ulikuwa wa kubebwa na nyinyi wawili.

Kuna jambo jingine nataka ulifikirie kwa utulivu. Unaandika habari ya TV ya Idd mosi kana kwamba iliachwa na wazee wa zamani. Zanzibar ilipata televisheni, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wenzetu wa Bara walikaa bila kituo hata kimoja hadi 1994. Kwa hiyo ulipokuwa unatazama taarabu kwenye busati la mama yako, jambo hilo lilikuwa na umri wa miaka kumi tu, au pungufu. Lilikuwa geni! Mama yako mwenyewe, kwa hesabu ya umri wako, bila shaka alikuwa msichana enzi za sinema. Idd ya wakati ule ilikuwa Majestic pale Vuga, Empire, na Cine Afrique, filamu za Kihindi, tikiti zikigombaniwa, watu na nguo zao mpya na asumini nyweleni. Familia nzima ilitoka nyumbani kwa miguu. Kisha TV zikaanza kuingia majumbani, na kumbi zile zikaja kufungwa moja baada ya moja. Nawakumbuka watu wazima walionung'unika kwamba sikukuu imekwisha, kwamba watu sasa wanakaa ndani na kukodolea macho sanduku, hawatoki kupeana mkono wa Idd. Na nyuma ya hao walikuwepo waliokusanyika kwenye santuri, wakisikiliza sahani za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928.

Mama yako huenda naye alikuwa na Idd yake aliyoikosa, ya Majestic, na hakukwambia. Alichukua chombo kilichokuwepo wakati huo, akatandika busati, akafungua mlango. Hilo ndilo alilolifanya, na ndilo naliona kubwa kuliko kilichokuwa kikionyeshwa.

Nawe usisahau kwamba kituo kilikuwa kimoja. TV ilikuwa moja kwa mtaa mzima au karibu na hivyo. Wimbo ukipita umepita, hujui utaurudia lini, kwa hiyo ukisikia unaanza unaacha sahani mikononi unakimbilia ukumbini. Leo wimbo ule ule mjukuu wako anaweza kuufungua saa nane ya usiku au akiwa ndani ya daladala ya Bububu, akaukata katikati, akarudi mwezi ujao. Hana sababu ya kuukimbilia. Ule ukosefu wa zamani ndio uliotukusanya kwa sehemu kubwa, na huwezi kuurudisha kwa kapu. Ulipowanyang'anya simu watu wazima wenye watoto wao, ulidhani unaondoa kizuizi. Wao waliona wamefanywa watoto wa chuo cha Kurani. Kapu liweke, mdogo wangu. Lililo haki yako ni moja tu: wakati wa kula simu zikae mbali na sinia. Hiyo ni adabu ya chakula, na ikuhusu na wewe pia, maana nawajua kina mama wa siku hizi wanaopiga picha biriani mpaka linapoa.

Halafu ile saa uliyochagua! Saa nane mchana, matumbo yamejaa, joto, watoto wanalilia kupelekwa Mnazi Mmoja kwenye pembea na malai. Taarabu ile unayoikumbuka ilikuwa ya usiku. Watu walikuwa wameshaoga, udi umefukizwa, kahawa na halwa mezani. Wewe uliwawekea usiku katikati ya mchana.

Nije kwa mkweo, kwa sababu hapa nadhani ulimkosea, na nakwambia hivi kwa mapenzi. Umeandika maneno yake kama ushahidi wa dharau. Nimeyasoma tena na tena. "Mama, kwani huyu anayeimba ni nani?" Hilo ni swali! Katika ukumbi mzima siku ile ni mtu mmoja tu aliyeuliza habari ya kile ulichokuwa unawaonyesha, naye ni mtoto wa watu wa Mwanza, ambaye hakulelewa na taarabu wala na TVZ, na asiyemjua Bi Kidude isipokuwa kwa jina labda. Hukuniambia ulimjibu nini. Nahofia hukumjibu. Ulikuwa umeshaumizwa na mumewe, sauti yake ikakufikia katika maumivu yale yale.

Mjibu sasa. Mwambie yule mwimbaji ni nani, aliimba na kikundi gani, wimbo unamsema nani kwa mafumbo, na kwa nini wanawake wa Kikwajuni walitazamana na kucheka ubeti wa tatu ulipofika. Mweleze habari ya kutuza. Mwambie habari ya shangazi yako na ile noti. Umeniandikia mimi, mgeni, kisa kile kwa namna ambayo nimekiona kwa macho. Noti imekunjwa, mkono umeinuliwa, watoto wanacheka, mwimbaji ndani ya kioo hana habari. Wanao wamewahi kukisikia? Nina shaka. Ulichowapa wao ni nyimbo bila kisa, na nyimbo za watu usiowajua, katika lugha ya mafumbo usiyofumbuliwa, zinachosha hata mtu mwema.

Ukimaliza kumjibu, muulize na yeye. Kwao sikukuu ilikuwaje? Walitazama nini, walikaa wapi, nani alikuwa akipika, watoto walipelekwa wapi? Ameolewa Unguja, kila Idd anakula pilau la kwenu na kusikiliza habari za kwenu. Naye ana mama yake na ukumbi wake anaoukumbuka. Sioni kwa nini vipindi vya utotoni mwake visipate zamu kwenye TV yako.

Kwa mwanao mkubwa nina maneno mafupi. Alikosea. Mama anapowasha kitu siku ya Idd, mtoto hata kama hakipendi huketi nusu saa. Muite peke yake, bila mkewe wala wadogo zake kusikia, umwambie: "Siku ile ulinivunja moyo, nilikuwa namkumbuka bibi yako." Maneno hayo yanatosha. Usiongeze hotuba.

Sasa hiyo habari ya kutopika Idd el-Hajj. Usifanye hivyo, nakuomba. Umechoka, hilo naliona, na kama ni kuchoka, wagawie kazi: mmoja alete mkate wa ajemi, mwingine tambi, huyu anunue nyama, yule aje asubuhi akune nazi. Wanne hao ni watu wazima. Lakini kufunga jiko ili wajue uchungu wako, hawataujua. Watadhani unaumwa, au umegombana na baba yao. Watakwenda kula kwa wakwe au hotelini, mwaka utakaofuata watakuwa wameshazoea, na sahani za majirani aliowazoesha mama yako nazo zitakatika. Nyumba nyingi hazikuvunjikiwa na sikukuu kwa simu. Zilivunjikiwa mtu mmoja aliposusa na hakuna aliyejua kwa nini.

Badala yake waachie Idd mosi. Sisi Unguja tuna bahati, sikukuu zetu ni siku nne, hatuna haja ya kugombania ya kwanza. Idd mosi waje wale, watoto wapewe pesa zao za sikukuu mkononi, waende watakako. Wewe waombe usiku wa sikukuu ya pili, baada ya isha, watoto wakirudi Mnazi Mmoja. Tandika busati, kweli busati, wajukuu watalipenda kuliko makochi. Kila nyumba ilete kitu kimoja cha kutazama, cha kwako kiwe kimoja pia, tena kifupi. Zamu ya wajukuu ikifika, wakileta katuni au singeli, kaa utazame mpaka mwisho na ulizia: huyu ni nani, kwa nini anakimbia? Usitie neno la enzi zetu. Anayetaka kwenda zake aende kwa salama, usimwekee kinyongo. Ukipata wanaobaki wawili, hao wawili wanatosha kwa kuanzia. Mama yako naye hakuujaza ukumbi ule kwa usiku mmoja.

Mumeo umemtaja kwa sentensi moja, hasemi kitu. Wanaume wengi wa umri wake hunyamaza wakiogopa kuzidisha moto. Naye lakini alikuwa kijana miaka ile ile, ana TV yake au dirisha lake alilosimama. Muulize alisimama wapi. Huenda una mwenzio wa pili wa kukumbuka naye, tena yumo ndani ya nyumba.

Mkweo mpigie wiki hii, usingoje mfungo tatu, mwezi wa Idd el-Hajj, uandame. Usiku wa kuamkia Idd hakuna mazungumzo ya maana na mwanamke yeyote wa Unguja. Mkono mmoja una hina na mwingine uko kwenye unga wa maandazi.

Wako, Shangazi