Kwa wanaojifunza kupiga picha kutoka vitabu vya maktaba, rafu ya 770

Wadogo zangu, kila muhula unapoanza hapa Moshi naletewa picha zenye makosa yale yale: nyuso zilizozama kwenye giza mbele ya anga jeupe, theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iliyogeuka kijivu, macho yasiyoonekana chini ya nyusi. Nikiuliza vipimo vilitoka wapi, najibiwa kwamba vimetoka kwenye kitabu cha maktaba, na mara nyingi jibu hilo ni la kweli. Kitabu kiliandika f/8 (apecha, yaani upana wa tundu la lenzi) kwa 1/125 (shata, yaani sehemu ya sekunde ambayo mwanga huachwa uingie), mwanafunzi akaweka f/8 kwa 1/125, akabonyeza. Nawapenda kwa bidii ya kukaa na kitabu wakati wenzenu wanatosheka na video za dakika mbili, na ndiyo sababu inaniuma kuona mnachukua tarakimu za mwandishi na kuuacha mwanga aliokuwa akiuzungumzia.

1. Tazameni kwanza kitabu kiliandikwa chini ya jua gani.

Vitabu vingi mnavyovikuta kwenye rafu hiyo viliandikwa Uingereza au Marekani. London iko karibu nyuzi 51 na nusu kaskazini mwa ikweta, ilhali Moshi iko nyuzi 3 na kidogo kusini mwake. Jioni jua letu huzama likishuka karibu wima, kiasi cha nyuzi moja kila dakika nne. Jua la London huteleza kwa mshazari, na katika Machi au Septemba nyuzi hiyo moja hulichukua zaidi ya dakika sita. Kwa hiyo mwandishi anapowaahidi saa nzima ya mwanga laini wa dhahabu, hesabuni kwamba hapa mtaipata pungufu sana, na muwe mmekwisha kumpanga mtu wenu mahali pake kabla mwanga huo haujaanza.

Kijana mmoja, msomaji kweli kweli, alimketisha dada yake kwenye dirisha la kaskazini saa nne asubuhi, mwezi wa Juni, kwa kuwa alisoma kwamba dirisha la kaskazini haliingizi jua. Kwa waliokiandika kitabu hicho ni sawa, maana jua lao la adhuhuri huwa kusini mwaka mzima. Letu mwezi wa Juni liko kaskazini, upande ule ule wa Kibo, na lilimpiga yule dada usoni hadi nusu ya uso ikaungua na nusu ikapotea. Mwezi wa Desemba dirisha hilo hilo lingemfaa. Kijana hakukosea kusoma. Alichokosa ni kutoka nje dakika moja na kutazama kivuli chake mwenyewe kimelala upande gani.

2. Sura ya mita ya mwanga isomeni mpaka mwisho.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe sikuisoma mpaka mwisho. Nilikuwa mwanafunzi, kamera nimeiazima kwa mjomba, na ndani yake mna filamu ya picha 36 ya ISO 100, ISO ikiwa kipimo cha wepesi wa filamu kuhisi mwanga. Jirani yetu alinipa kazi ya kumpiga picha binti yake siku ya kipaimara. Ibada ilimalizika karibu saa saba mchana. Mtoto alisimama kwenye jua, gauni jeupe, shela nyeupe, glavu nyeupe, na nyuma yake ukuta wa kanisa uliopakwa chokaa. Nilielekeza kamera, sindano ya mita ikadai f/22 kwa 1/250, nikaitii, kwa kuwa kurasa za mwanzo za ile sura zilisema mita ifuatwe. Kikaratasi kilichokuja na filamu kilikuwa mfukoni mwangu, na kilisema wazi kwamba kwenye jua kali iwe f/16 kwa 1/125. Tofauti ni stopu mbili nzima, na kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu, kwa hiyo mita ilinipa robo tu ya mwanga wa kikaratasi. Nilikiona, nikaamini kwamba mita haiwezi kushindwa na kikaratasi.

Mita haijui gauni wala uso. Inajua kijivu kimoja tu, kile kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga, na kila unachoielekezea hutaka kukifanya kijivu hicho. Ikiona weupe mtupu huufunga mwanga. Ikiona kitu cheusi huufungua kupita kiasi. Uso wa mtoto wetu, ambao hata kwa kipimo sahihi ungekuwa na rangi nzito kuliko gauni, ulikosa stopu mbili, na kwa kuwa jua lilikuwa karibu utosini, macho yalikosa hata zaidi. Maelezo hayo yote yalikuwamo katika kitabu kile kile, kurasa chache mbele. Sikufika huko, kwa sababu siku ya kukirudisha ilikuwa imewadia na nilijiona nimekwisha kujua.

Filamu haikuonyeshi kitu papo hapo. Niliziona picha baada ya studio kuzisafisha, na mama wa mtoto aliziona siku hiyo hiyo, amekaa barazani kwake, akizipitia moja moja. Lesi ya gauni ilionekana yote, kila ua na kila tundu la sindano. Macho ya binti yake hayakuonekana katika hata picha moja ya pale nje. Alinilipa fedha tuliyopatana bila kunigombeza, akazirudisha picha katika bahasha. Kipaimara hakirudiwi, na mpaka leo familia ile haina picha nyingine ya siku ile.

Pimeni mwanga kwenye majani mabichi ya ardhini yaliyo katika jua lile lile, au kwenye kiganja chenu kisha mwongeze stopu moja. Mtu aliye kwenye jua la mchana mhamishieni ukingoni mwa kivuli cha baraza. Theluji ya Kibo iongezeeni stopu moja au moja na nusu, na mwende asubuhi kabla mawingu hayajapanda.

3. Kwa lenzi ya 200mm isiyo na kitulizo cha mtikisiko wa mkono, shata isishuke chini ya 1/200. Sura za chumba cha giza, kile ambamo filamu husafishwa na picha huchapishwa, msiziruke. Kung'arisha na kufifisha sehemu ya picha mnakofanya leo kwenye simu kulianzia huko.

4. Msiishie 771, kwenye vifaa. Nendeni 779, kwenye mikusanyo ya picha zenyewe, mchague picha moja na kuikalia mpaka mjue mwanga ulitoka upande gani, kivuli cha pua kimeangukia wapi, na mpigapicha alisimama juu au chini ya macho ya anayepigwa. Kisha ijaribuni na rafiki kabla kitabu hakijarudi maktaba, na kila mnapobonyeza mwandike daftarini apecha, shata, ISO, saa, na jua lilikuwa wapi. Simu na kamera za sasa huhifadhi zile nne za mwanzo zenyewe, lakini hakuna inayohifadhi jua lilikuwa wapi. Anayetaka nimtazamie kazi yake aje na picha pamoja na daftari hilo, maana picha peke yake hainionyeshi kosa lilianzia wapi.