Kuambatisha na kutenganisha memori ya pamoja katika C: ushauri kwa wanaoanza

Katika maabara nyingi za kompyuta hapa Kampala, darasa zima hufanyia mazoezi kwenye seva moja ya Linux, ambayo kwa msaada wa jenereta haizimiki hata umeme unapokatika mtaani. Kwa sababu hiyo, kipande cha memori ya pamoja (sehemu ya memori inayotumiwa na programu kadhaa kwa pamoja) ulichokisahau leo kitabaki pale wiki nzima, kikichukua nafasi ya wenzako. Ndiyo maana nakusihi uelewe mapema kwamba kukitenganisha kipande na programu yako hakukifuti.

Funksheni ya shmget hukutafutia au hukutengenezea kipande, na shmat hukiambatisha kwenye anwani za mchakato wako, yaani programu yako inapoendeshwa. Anayeanza mara nyingi hupima jibu la shmat kwa NULL (pointa tupu), ilhali funksheni hiyo inaposhindwa hurudisha (void *)-1. Programu basi huendelea kana kwamba mambo ni shwari, na ikijaribu kuandika hapo huanguka. Anwani unayoiomba iache iwe NULL ili kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) ijichagulie, lakini kumbuka kwamba michakato miwili inaweza kukiona kipande kilekile kwenye anwani tofauti, na pointa uliyoihifadhi ndani yake haitakuwa na maana kwa mwenzake. Hifadhi umbali kutoka mwanzo wa kipande badala ya pointa.

Kuhusu shmdt, ambayo ndiyo hutenganisha kipande, funksheni hii hudai anwani ileile iliyorudishwa na shmat. Ukisoma data kwa kuisogeza pointa, p++ baada ya p++, kisha ukampa shmdt hiyo p, utapata kosa la EINVAL (yaani thamani uliyoitoa si sahihi) na kipande kitabaki kimeambatishwa. Mimi hushauri anwani ya mwanzo itunzwe katika kigeugeu chake, kisichoguswa na kitanzi chochote.

Mtoto wa fork, yaani mchakato mpya unaozaliwa na mwingine, hurithi viambatisho vya mzazi; exec, inayoingiza programu nyingine ndani ya mchakato uleule, huvitenganisha vyote; na mchakato unapokwisha kerneli huvitenganisha yenyewe. Katika hali zote hizo kipande chenyewe kinaendelea kuishi. Andika ipcs -m kwenye terminali utazame safu ya nattch: sifuri maana yake hakuna mchakato uliokishika, na kama mwenye kipande hicho ni wewe na hukihitaji tena, kiondoe kwa ipcrm -m pamoja na namba yake (shmid).

Ndani ya programu, kazi hiyo hufanywa na shmctl kwa amri ya IPC_RMID, ambayo haikati kazi ya walioambatisha: hukitia kipande alama, ipcs ikaonyesha neno dest, na kerneli hukifuta pale wa mwisho anapotenganisha. Kwa hiyo napendelea amri hiyo itolewe mara tu michakato yote inayohusika ikishaambatisha, kwani hata programu ikianguka katikati ya kazi, hakuna mabaki yatakayosalia kwenye seva.