Aliyetunga "Take the 'A' Train"

Umesema wimbo huu wa jazi ulitungwa na Duke Ellington, mpiga piano na kiongozi wa bendi wa Marekani. Hapana ndugu, si yeye. Ni wimbo wa Billy Strayhorn, kijana aliyetokea Pittsburgh, ingawa bendi ya Ellington ndiyo iliyoufanya wimbo wake wa utambulisho. Jina lenyewe lilitokana na maelekezo ya kufika nyumbani kwa Ellington, Harlem, mtaa wa jiji la New York: panda treni ya A, ya chini ya ardhi.

Waliurekodi Februari 1941. Wakati huo ASCAP, chama cha watunzi, kilikuwa kwenye mgogoro na vituo vya redio juu ya malipo, na kwa kuwa Ellington alikuwa mwanachama, tungo zake hazikuweza kupigwa hewani. Strayhorn hakuwa mwanachama, basi kazi zake ndizo zikaokoa bendi. Isikilize rekodi hiyo: piano ya kufungulia ni Ellington, tarumbeta inayopaa katikati ni Ray Nance. Inaniuma kuona jina la Strayhorn linaachwa kila mara.

Ila msimvue Ellington utunzi. Muziki wa "It Don't Mean a Thing" ni wake, na ulirekodiwa 1932, miaka kadhaa kabla hawajakutana.