Msimamizi wa wosia anapopoteza kumbukumbu: usimpe kalamu

Wosia wa baba ulikuwa kurasa tatu, umeandikwa na wakili mwaka 2009, na msimamizi alikuwa mmoja tu: baba mdogo. Wakati ule hakukuwa na chaguo bora. Karani mstaafu, mtu wa risiti na daftari, hajawahi kula senti ya mtu. Baba alipofariki, dimenshia ilikuwa imeshamkaa baba mdogo mwaka wa tatu.

Nilimpelekea wosia kwake Voi. Akavaa miwani, akausoma wote kwa sauti bila kukwama, hata akaona mahali palipokosa nukta. Kisha akanitazama, ameridhika. "Kazi safi. Sasa kaka anakuja lini tuzungumze?"

Tulikuwa tumemzika kaka yake wiki sita nyuma.

Binamu yangu akaninong'oneza nimpe tu kalamu, kwani saini yake si ni ileile? Ni kweli, mkono haukuwa umesahau. Lakini saini ya mtu asiyejua anasaini nini ni kesi mnayojiwekea. Ndugu mmoja mwenye kinyongo anatosha kuifufua. Wako wanaodhani njia salama ni kumsainisha hati ya kuukataa usimamizi. Nayo haifai, maana kukataa kazi pia kunataka mtu anayeelewa anachokikataa.

Upande wa pili, wazee wa matangani walisema wosia umekufa, tugawane kimila. Haujafa. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, kinazuia mtu asiye na akili timamu kupewa usimamizi. Kifungu cha 63 ndicho kinachofungua mlango: ikiwa wasimamizi waliotajwa hawawezi kisheria kufanya kazi hiyo, yule aliyeachiwa mabaki ya mali anaweza kuuthibitisha wosia mahakamani na kupewa barua za usimamizi zilizoambatanishwa na wosia huo, yaani hati ya mahakama inayompa mamlaka ya kushughulikia mali ya marehemu. Kwa hiyo tafuta kwenye wosia ile sentensi ya "vyote vilivyosalia". Mimi kifungua mimba nilikuwa nimeshajivika kazi kichwani, kumbe sentensi ile ilimtaja mama. Mama ndiye aliyeomba, sisi watoto tukasaini ridhaa.

Barua ya daktari ya kuthibitisha hali ya baba mdogo ilitusumbua. Ya kwanza ilisema tu kwamba mgonjwa ana dimenshia na anatumia dawa, wakili akairudisha. Mwombe daktari aandike alimchunguza lini, na aseme wazi kwamba mgonjwa hawezi tena kuelewa wala kusimamia mambo ya mali. Halafu jina lake, namba ya usajili na muhuri.

Lililonifunza zaidi halikuwa la mahakamani. Mama mdogo alisikia kwamba mumewe ataandikwa "hana akili timamu" kwenye karatasi za serikali, akaacha kupokea simu zetu. Kwake hiyo ilikuwa sawa na kumwita mzee mwendawazimu sokoni. Nilipaswa kwenda kwake kabla ya kwenda kwa wakili. Nilikwenda nimechelewa, na rasimu ya hati ya kiapo mkononi, nikamsomea mstari kwa mstari. Akataka tuongeze kwamba mzee aliwahi kuiweka familia hii yote kwenye daftari lake bila kosa. Wakili alisema hilo halina uzito kisheria. Tuliliongeza.

Baada ya hapo ni kungoja. Tangazo likatoka kwenye Gazeti Rasmi, siku 30 za pingamizi, na barua zikishatolewa kuna miezi sita kabla ya kuomba uthibitisho ili mali igawanywe. Muda huo wote, asiye na barua za usimamizi asiguse kitu. Binamu yuleyule alitaka kuchukua kodi ya vyumba "kwa niaba ya mzee"; kifungu cha 45 kinalihesabu hilo kosa la jinai.

Kama mzazi wako bado yuko hai na akili zake ziko sawa, muulize leo aliyetajwa kwenye wosia wake yu hali gani. Kubadilisha jina ni nyongeza fupi ya wosia, isainiwe mbele ya mashahidi wawili wasiorithi chochote.

Mama ameshaandika wake. Wasimamizi wawili na mmoja wa akiba. Majina amekataa kututajia.