Kalenda ya Popi

Swali lenu la wiki hii, "Ulijuaje kwamba wakati wa kumuaga mnyama wako umewadia?", limenikuta sijaliondoa bakuli la maji la mbwa wangu Popi pale mlangoni, ingawa mwezi wa tatu unakwisha tangu nimzike.

Popi aliishi nami miaka 13, na miezi 14 ya mwisho aliugua figo. Dalili ya kwanza ilikuwa kiu: alimaliza bakuli zima kisha akasimama akilitazama, nami nikadhani ni joto tu. Daktari wa mifugo alinieleza kwamba dalili hizo zinapojitokeza, kwa kawaida figo zimekwisha kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake, na kilichopotea hakirudi. Tuliloweza ni kumpunguzia mzigo, kwa chakula chenye fosforasi kidogo na dripu ya chini ya ngozi, ambayo nilijifunza kumwekea mwenyewe huku ameegemeza kidevu gotini pangu.

Wengi waliniambia, kwa nia njema, kwamba mbwa mwenyewe angenionyesha kuwa amechoka. Sikubaliani nao. Mbwa huficha maumivu, na Popi alinitikisia mkia hadi asubuhi ya mwisho, kwa kuwa alikuwa akinisalimu. Kilichonisaidia ni kalenda: kila jioni niliandika siku njema iwapo alikula, akatoka nje kwa miguu yake na hakutapika; la sivyo, niliandika siku mbaya. Wiki moja ilipofikisha siku mbaya 5, nilimpigia daktari simu.

Alimchoma kwanza sindano ya kumtuliza, kisha akampa dawa ya nusukaputi kwa kipimo kikubwa, kile kinachosimamisha pumzi na moyo. Alikuwa amenitahadharisha kwamba macho yangebaki wazi, na kwamba huenda mwili ukavuta pumzi moja au mbili hata baada ya moyo kusimama. Nawasihi watakaofika hapo waulize mapema, maana mimi nisingeambiwa ningeamini amezinduka. Mkono wangu ulikuwa nyuma ya sikio lake la kushoto, pale alipopenda kukunwa, na nilihisi kichwa chake kikiwa kizito taratibu kiganjani.

Nilipoipitia kalenda baada ya kumzika, niliona siku 9 nilizoziandika njema ilhali nakumbuka vyema kwamba hakuonja chochote. Kwa siku hizo, namwomba radhi.