Tajiri yuko wapi?

Juzi dada mmoja wa Sengerema kaniandikia: "Dada, nimepata hela ya mtumbwi wa dagaa, ila mama mkwe anasema nitaitwa jike dume. Nifanyeje?" Nilicheka. Halafu nikakumbuka yangu, kicheko kikakata.

Mtumbwi wangu wa kwanza niliununua mwaka 2017, kwa hela ya miaka sita ya kuanika dagaa wa watu. Njoo mwaloni Kirumba, soko letu la samaki na dagaa pale Mwanza, asubuhi ujionee: kina mama ndio wameinama, wanaanika, wanageuza, wanafukuza ndege, kina baba ndio matajiri, yaani wenye mitumbwi na mzigo. Neno lenyewe halina kosa. Kiswahili hakibagui: "tajiri amefika" anaweza kuwa baba au mama. Lakini mnunuzi alishuka kwenye Fuso, akanikuta nimekaa juu ya magunia yangu, daftari mkononi, akauliza, "Mama, tajiri yuko wapi?" Nikamwambia ndiye mimi. "Basi mpigie mzee simu tuelewane bei."

Kosa nililifanya mwenyewe. Nahodha alisema vijana hawapandi mtumbwi wa mwanamke, una mkosi. Nikaogopa, karatasi zote nikaandikisha jina la mdogo wangu wa kiume. Giza la kwanza, zile siku zisizo na mbalamwezi ndipo dagaa huvuliwa, tulipata vizuri, la pili vizuri zaidi. Siku tulipogombana, akang'oa injini akaondoka nayo. Nilipokwenda kushtaki nikaulizwa swali moja tu: risiti ina jina la nani?

Tumezoeshwa mapema. Mwanaume anaoa, mimi naolewa. Kitenzi kimeshanikalisha chini kabla sijafika ukumbini. Hata Rais aliyeapishwa Machi 19, 2021, kutwa tunamwita Mama Samia. Nani aliwahi kusema Baba Magufuli? (Najua, kuna Baba wa Taifa. Huyo ni mmoja.)

Na kuna sifa yenye sumu: "Umefanya kiume!" Niliipenda miaka mingi, nikaivaa kama kitenge cha sikukuu. Siku hizi namuuliza msemaji: nilianika dagaa jua la saa saba, mtoto kifuani, titi mdomoni mwake. Kiume kipi hicho?

Kwa hiyo mdogo wangu wa Sengerema, jina lako liwe kwenye karatasi. Anika kwenye chanja, usianike mchangani, dagaa mwenye mchanga bei yake ni ya chakula cha kuku. Ndoo za dagaa hesabu mwenyewe. Na jina, narudia, liwe lako, siyo la kaka wala la mume, hata kama anaswali swala tano. Kina mama tunajimaliza wenyewe kwa aibu! Mama mkwe akisema jike dume, mwitikie, kisha uende mwaloni.

Nahodha yule yule sasa yuko kwangu, kwenye mtumbwi wa pili. Akinipigia usiku akiwa ziwani ananiita tajiri. Mbele ya wenzake bado ananiita mama, na mimi bado naitika.