Je, Kisichopikwa Tanurini Huitwa Mkate?

Swali: Ninatafsiri mapishi ya mikate ya viazi ya nchini Ireland. Mingine hupikwa juu ya chuma, na mmoja huchemshwa. Je, ni sahihi kuiita yote mikate, na kitenzi "kuoka" kinaifaa yote?

Jibu: Jina la mkate linaifaa yote. Kiswahili hakikuwahi kulifungia neno hilo ndani ya tanuri: mkate wa ufuta wa Unguja huchomwa juu ya chuma, na mkate wa maji humiminwa kikaangoni, wala hakuna anayeuliza kama ni mikate kweli.

Kinachohitaji uangalifu ni vitenzi. Katika Ulster, kaskazini mwa kisiwa cha Ireland, viazi vilivyochemshwa na kupondwa hukandwa kwa unga wa ngano, siagi na chumvi, donge likasukumwa kuwa duara na kukatwa robo nne, kisha robo hizo zikawekwa juu ya chuma kikavu mpaka zipate madoa ya hudhurungi pande zote mbili. Hapo andika "choma", kama tusemavyo kuchoma chapati. "Kaanga" ni pale zinapotiwa katika mafuta ya nyama ya nguruwe kwa kifungua kinywa.

Boxty, chakula cha viazi cha kaunti za Leitrim, Cavan na Fermanagh, ndicho kitakachokutaabisha zaidi. Viazi vibichi hukunwa na kukamuliwa kwa kitambaa. Maji yake huachwa yatuame, yakamwagwa, na wanga mweupe uliobaki chini ukachanganywa na viazi vilivyokunwa pamoja na vingine vilivyopikwa na kupondwa. Tafadhali usiandike "saga" kwa viazi vya kukunwa na vya kupondwa vyote viwili, kwa kuwa mpishi atakayekufuata hatajua kipi kiwe kibichi, na chakula kitaharibika. Mchanganyiko huo ukitiwa katika chombo na kuingizwa tanurini, unaokwa. Ukimiminwa kikaangoni, unakaangwa. Ukifanywa madonge na kutumbukizwa katika maji yanayochemka, unachemshwa, na ukishapoa hukatwa vipande na kukaangwa kwa siagi.

Neno "viazi" nalo usiliache peke yake, maana kwa wasomaji wengi, hasa wa Zanzibar, litaleta picha ya viazi vitamu. Andika "viazi mviringo", au "mbatata" ikiwa unawaandikia Wazanzibari.